Maswali ya Wasomaji: Mota za Stepa na Draiva Zake kwa Rauta ya CNC ya Kujiundia

SWALI: Shikamoo fundi wetu. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, Dar es Salaam. Kwa mwaka mzima sasa ninaunda rauta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga milango na vichwa vya vitanda vya mninga na mkongo. Fremu ya chuma imekamilika, eneo la kazi ni milimita 1,200 kwa 800, na mihimili yote, yaani njia za mwendo za mashine, inaendeshwa na skrubu za gololi za 1605. Mhimili mrefu una skrubu mbili, moja kila upande wa daraja, ile boriti inayobeba spindo. Spindo, mota inayozungusha biti, ni ya kilowati 1.5. Kilichobaki ni mota za stepa, zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, na draiva, yaani bodi zinazozilisha umeme, na hapo ndipo nilipokwama. Muuzaji mmoja ananishauri nichukue NEMA 34 ili nisije nikajuta, lakini bei yake si mchezo. Rafiki yangu aliyeunda mashine inayofanana na yangu alitumia NEMA 23, draiva za TB6600 na pawa saplai ya volti 24, na mota zake hulia kisha hukwama kila anapokaribia kasi ya milimita 3,000 kwa dakika. Je, huo si ushahidi kwamba NEMA 23 ni dhaifu kwa kazi ya mbao ngumu?

JIBU: Marahaba. Nianze na rafiki yako, kwa sababu tatizo lake ndilo litakalokuokolea fedha. Mota zake si dhaifu, zimenyimwa volti.

Kwanza tuelewane kuhusu namba hizo za NEMA, maana zimewapotosha wengi. Hazitaji nguvu ya mota hata kidogo. Zinataja upana wa uso wake katika sehemu za kumi za inchi: NEMA 17 ina uso wa inchi 1.7, yaani takriban milimita 42. NEMA 23 ni milimita 57. NEMA 34 ni milimita 86. Ndani ya NEMA 23 pekee utakuta mota fupi yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya nyutoni-mita 1 hivi na ndefu yenye 3, zote zikiingia kwenye matundu yale yale ya skrubu. Na hiyo torki inayoandikwa kwenye tangazo ni torki ya kushikilia, yaani ile ambayo mota inayo ikiwa imesimama. Mashine iliyosimama haichongi mlango. Unachohitaji kujua ni torki inayobaki mota ikiwa inazunguka kwa kasi unayoitaka, na hiyo hutegemea draiva na pawa saplai kama inavyotegemea mota yenyewe.

Tuhesabu kwa skrubu zako. Skrubu ya 1605 ina kipenyo cha milimita 16 na husogeza milimita 5 kwa kila mzunguko, kwa hiyo milimita 3,000 kwa dakika ni mizunguko 600 kwa dakika, au 10 kwa sekunde. Stepa ya digrii 1.8 ina hatua 200 kwa mzunguko. Ina maana kwamba kwa kasi hiyo mota hupiga hatua 2,000 kila sekunde, na kila hatua hupewa milisekunde 0.5 tu. Ndani ya muda huo mfupi mkondo wa umeme unapaswa kuingia kwenye koili, na koili haipendi kuharakishwa. Ukaidi huo wa koili dhidi ya mabadiliko ya mkondo ndio unaoitwa indaktansi, nayo hupimwa kwa milihenri.

Chukua mota ya NEMA 23 yenye milihenri 3.2 na mkondo wa ampea 2.8. Zidisha namba hizo mbili, ugawe kwa volti za pawa saplai, na utapata kwa makadirio milisekunde ambazo koili huhitaji ili ijae. Kwa volti 24 jibu ni 0.37, kwa volti 36 ni 0.25, na kwa volti 48 ni 0.19. Sasa linganisha na ile 0.5 iliyopo. Rafiki yako anatumia robo tatu ya kila hatua kujaza koili, na hapo bado sijahesabu umeme ambao mota yenyewe huzalisha inapozunguka na ambao husukumana na ule unaoingia. Ndiyo maana mota hulia, torki huporomoka, na biti ikigusa fundo la mninga hatua hupotea. Kabla hajanunua chochote, aangalie pia kama swichi za mkondo kwenye draiva zake zimewekwa sawasawa na kama kiwango cha kuongeza kasi katika programu si kikubwa mno, kwa kuwa kasoro hizo mbili hutoa kilio kile kile. Lakini mimi ningeanza na volti.

Mwongozo mmoja unaotumiwa sana na waunda mashine, ulioenezwa na Mariss Freimanis wa kampuni ya Geckodrive ya Marekani, husema hivi: tafuta kipeuo cha pili cha milihenri za mota, zidisha kwa 32, na jibu ndiyo volti ya juu kabisa inayoifaa mota hiyo. Mota ya milihenri 2.5 hupata volti 50 na ushee. Ya milihenri 6.8 hupata volti 83. Si lazima ufike huko, lakini ona jinsi hesabu hii inavyogeuza ununuzi. Ukiweka mota hizo mbili kwenye pawa saplai ile ile ya volti 48, ya kwanza inakaribia kupata haki yake yote, ilhali ya pili, ambayo huenda tangazo lake linajivunia torki kubwa zaidi, itachoka mapema kasi inapopanda. Mota kubwa yenye indaktansi kubwa, ikiendeshwa kwa volti ndogo, ina nguvu ikiwa imesimama na hupoteza nguvu hiyo pale unapoihitaji. Hilo ndilo linalowapata wengi wanaokimbilia NEMA 34 na kuifunga kwenye pawa saplai ya volti 36. NEMA 34 ina mahali pake, kwenye mashine nzito za kukata chuma na kwa draiva za volti 70 au 80, lakini kwa daraja lako itakuwa gharama bila faida, na uzito wa rota yake yenyewe, ile sehemu inayozunguka ndani, utakuwa mzigo mwingine wa kuharakishwa na kusimamishwa.

Je, NEMA 23 inatosha kwa mninga? Tuseme umechukua ile ya nyutoni-mita 1.9, na kwa mizunguko 600 imebakiwa na 0.8 tu. Skrubu ya gololi hupoteza takriban asilimia 10 kwa msuguano, na kwa mwendo wa milimita 5 kwa mzunguko hiyo 0.8 hugeuka kuwa msukumo wa nyutoni 900, karibu na uzito wa kilo 90. Biti yako ya milimita 6 itavunjika kabla mota haijashindwa. Hesabu ingekuwa tofauti sana kama ungetumia mkanda wa meno wenye puli ya meno 20, ambao husogeza milimita 40 kwa mzunguko: torki ile ile hutoa nyutoni 125 tu. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia watu waanzie kwenye skrubu ndipo waende kwenye mota, na wewe umekwisha kuchagua skrubu vizuri. Tahadhari yangu ni moja tu: skrubu ya 1605 yenye urefu unaopita mita moja, ikizungushwa karibu na mara 1,000 kwa dakika, huanza kupigapiga katikati kama kamba ya kuruka watoto. Ukitaka kwenda kasi kuliko milimita 3,500 au 4,000 kwa dakika kwenye mhimili mrefu, skrubu ya 1610, inayosogeza milimita 10 kwa mzunguko, itakupa mwendo huo kwa nusu ya mizunguko.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mota nne za NEMA 23, za nyutoni-mita 1.9 au karibu na hapo, zenye indaktansi isiyozidi milihenri 3.5. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi ya vipimo yenye indaktansi, mpite uende duka linalofuata.

Upande wa draiva, TB6600 si mbaya kwa bei yake, ila jina hilo hubandikwa kwenye bodi za aina nyingi ambazo ndani yake mara nyingine hamna hata chipu yenye jina hilo. Mpaka wake wa volti kwa kawaida huandikwa kuwa 42. Mimi nisingeizidisha volti 36. Kwa mashine ya kuingiza kipato, ningechukua draiva za kundi la DM542, ambazo hupokea volti 20 hadi 50 na kutoa hadi ampea 4.2, na ambazo huendesha mota kwa utulivu unaosikika. Zile bodi ndogo za kuchomeka, A4988 na DRV8825, ziachie printa za 3D na mota za NEMA 17.

Hapa kuna mtego mmoja wa ampea. Juu ya kifuniko cha DM542 kumechapishwa jedwali, na pembeni kuna safu ya swichi ndogo nane ambazo utazisogeza kwa ncha ya bisibisi. Tatu za kwanza ni za mkondo, na jedwali lina safu mbili za namba: kilele na wastani. Ampea 4.2 za kilele ni ampea 3.0 za wastani, na aliyesoma safu moja akadhani ni nyingine ama ataipika mota yake ama ataiacha na njaa. Kwa mota iliyoandikwa ampea 2.8, anza na kilele cha 2.84. Endesha mashine kwa nusu saa, kisha gusa mota. Usishangae usipoweza kuacha kiganja juu yake, kwa sababu stepa hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 70 za Selsiasi. Ikiwa kipimajoto kinaonyesha chini ya hapo na unahitaji nguvu zaidi, panda hadi 3.31. Joto la Dar mwezi Februari ni sehemu ya hesabu hiyo, na mota iliyofungwa ndani ya sanduku la mbao haipumui. Swichi ya nne iweke kwenye hali ya kupunguza mkondo kwa nusu mota inaposimama.

Swichi nne za mwisho ni za kugawa hatua, yaani kukata kila hatua kamili vipande vidogo. Weka mgawanyo wa 8, yaani hatua 1,600 kwa mzunguko, ambazo kwa skrubu yako ni 320 kwa kila milimita. Huo ni usahihi wa milimita 0.003 kwenye karatasi, na mninga wako hupanuka zaidi ya hapo masika yakianza. Wapo wanaochagua 32 wakidhani watapata umaliziaji laini zaidi. Kwa kasi ya milimita 3,000 kwa dakika mgawanyo wa 8 hudai mapigo ya umeme 16,000 kwa sekunde, pigo moja kwa kila kipande cha hatua, na bodi ya Arduino Uno yenye GRBL, programu ya kuendesha mashine, huyamudu, kwani mpaka wake ni takriban 30,000. Mgawanyo wa 32 ungedai 64,000, na bodi hiyo haitafika.

Pawa saplai: moja ya wati 350 hadi 400 yenye volti 48 inatosha kwa mota zote nne. Usijumlishe ampea za mota ukapata 11 au 16 kisha ukanunua dude la wati 800. Draiva hukatakata volti ili kupata mkondo, kwa hiyo ampea zinazozunguka ndani ya koili si zile zinazotoka kwenye pawa saplai, na mota zako nne zikifanya kazi kwa bidii zote kwa pamoja hazitavuka sana wati 250. Karibu na vituo vya waya vya pawa saplai hizo kuna skrubu ndogo ya kurekebisha; ishushe hadi volti 45 au 46 ukipima kwa multimita. Daraja zito linaposimama ghafla mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye draiva, na draiva yenye mpaka wa 50 haina nafasi ya kupokea nyongeza hiyo ikiwa umeiweka kwenye 48 kamili. Kabla hujaiwasha hata mara moja, tafuta ubavuni swichi nyekundu iliyoandikwa 110 na 220. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 220, lakini si zote, na ile iliyoachwa kwenye 110 hupasuka kwa mlio utakaosikika mpaka barabarani.

La mwisho kwako, na nalisema kwa uchungu wa fedha zangu: usichomoe wala kuchomeka waya wa mota wakati draiva ina umeme. Mimi niliwahi kulegeza kiunganishi kimoja nikitaka tu kugeuza upande wa mzunguko, nikaona cheche ndogo ya buluu, na draiva ile haikuwaka tena.

SWALI: Mimi ni fundi wa jua kali, Nairobi. Daraja langu lina mota mbili, kulia na kushoto. Je, ninaweza kuzifunga zote mbili kwenye draiva moja yenye ampea za kutosha, ili nisinunue nyingine?

JIBU: Usifanye hivyo. Ukizifunga sambamba, draiva hudhibiti jumla ya mkondo bila kujua kila mota imepata kiasi gani, na ikitokea waya mmoja umelegea, mota iliyobaki hubeba mkondo wote. Ukizifunga kwa mfululizo, indaktansi huongezeka maradufu na unarudi kwenye njaa ya volti niliyomweleza ndugu wa Keko. Nunua draiva ya pili, kisha waya za mapigo na za mwelekeo kutoka kwenye bodi zipeleke kwa draiva zote mbili. Ikiwa skrubu zako zimekaa kwa namna ambayo mota moja inapaswa kuzunguka kinyume cha nyingine, badilishana waya mbili za koili moja tu kwenye mota hiyo, umeme ukiwa umezimwa.

SWALI: Nimepata mota sita kutoka kwenye mashine za fotokopi zilizokufa hapa Mwanza. Hazina maandishi, nyingine zina waya nne na nyingine sita. Ninawezaje kuzitambua, na zinafaa kwa rauta?

JIBU: Kuzitambua ni rahisi. Kwenye mota ya waya nne, zungusha shafti kwa vidole ukiisikia ilivyo, kisha gusanisha ncha za waya mbili na uzungushe tena. Shafti ikiwa nzito ghafla, kana kwamba imepakwa gundi, waya hizo mbili ni za koili moja. Ikibaki nyepesi, jaribu jozi nyingine. Kwenye mota ya waya sita tumia multimita: kila koili ina waya tatu zinazosomana, na ile ya katikati husoma nusu ya ukinzani unaopatikana kati ya zile mbili za mwisho. Kwa draiva za kisasa acha waya ya katikati bila kuifunga popote, uiwekee tepu, au tumia ya katikati na moja ya mwisho ukitaka kasi zaidi na torki pungufu.

Kuhusu rauta, sikushauri. Mota hizo nyingi hazikuundwa kusukuma biti ndani ya mbao, na mashine yenye mota tatu zisizofanana itakusumbua kila siku ya marekebisho. Ziundie mashine ya kuchora michoro kwa kalamu au ya kukata stika, ambako mzigo ni mwepesi, na utajifunza mengi kwa gharama ya nauli ya kwenda kuzichukua.

SWALI: Huku kwetu Tanga umeme hukatika katikati ya kazi na mlango mzima huharibika. Nimeambiwa mota zenye enkoda (vihisi vinavyofuatilia mzunguko wa mota) zitaniondolea tatizo hilo. Je, ni kweli? Au ninunue UPS (betri ya akiba) kwa ajili ya draiva?

JIBU: Enkoda hutibu ugonjwa mwingine. Humwambia draiva kwamba mota imebaki nyuma, naye huisukuma ifikie au husimamisha kazi, na hilo lina thamani kwenye mbao zenye mafundo. Lakini enkoda za kawaida za mota hizi huhesabu kuanzia pale umeme ulipowashwa. Umeme ukikatika, nazo husahau.

UPS ya draiva peke yake ni hatari kuliko kukosa UPS kabisa. Fikiria yatakayotokea: spindo inasimama kwa kuwa inahitaji kilowati ambazo UPS ndogo haina, ilhali draiva zinaendelea kusukuma daraja na kuiburuta biti isiyozunguka ndani ya mbao. Ni afadhali vyote vizimike pamoja. UPS ndogo iwekee kompyuta tu, ili ujue ni mstari gani wa programu uliokuwa ukikatwa.

Kinachokusaidia ni swichi za mwisho wa njia kwenye mihimili yote mitatu, na mazoea ya kuipeleka mashine kwenye kituo chake, pale inapoanzia kuhesabu, kabla ya kuanza kila kazi. Pima sehemu ya mwanzo ya mlango kutokea kwenye kituo hicho na uihifadhi katika G54, nafasi ya kumbukumbu ya mwanzo wa kazi, ambayo GRBL huitunza hata umeme ukizimwa. Umeme ukirudi, toa amri ya $H, inayoirudisha mashine kwenye kituo chake. Kwa mipangilio yake ya kawaida GRBL hupandisha mhimili wa Z, ule wa juu na chini, kwanza, hivyo biti hutoka kwenye mbao kabla daraja halijasogea, ila hakikisha hakuna aliyekubadilishia mpangilio huo. Kisha fungua faili, rudi mistari michache nyuma ya pale kazi ilipokatikia, na juu yake andika upya mistari inayotaja milimita, kasi na kuwasha spindo, kwa sababu mashine iliyowashwa upya haina kumbukumbu ya chochote kati ya hivyo.